Chumba Chenye Kifungo

Benchi la Mazwi, mjini Sumbawanga, ni ubao mmoja mrefu wa mninga wenye bawaba mbili zilizoota kutu ubavuni, kwa sababu zamani ulikuwa mlango wa ghala la ushirika. Ushirika ulipokufa ghala likauzwa, mlango ukachukuliwa na Kornel muuza kahawa, akaulaza juu ya mawe manne, watu wakaukalia. Mbele yake kuna jiko la mkaa, birika, vikombe vidogo sita na sahani ya kashata. Nyuma yake kuna kibanda cha bati cha Felisiani, fundi baiskeli, ambaye hufanya kazi akiwapa wenzake mgongo, lakini masikio yote mawili ni yao. Mwezi wa Julai upepo wa Ufipa hupita pale bila hodi, kahawa inapoa kabla haijafika mdomoni, na wanaokaa hukaa wamebanana kama punje kwenye gunzi, si kwa kupendana bali kwa baridi. Jumamosi ya habari hii walikuwa wateja watatu, Kornel mwenyewe, na Felisiani nyuma yao.

Vijiwe vingine vya Sumbawanga hubishana juu ya mpira na wabunge. Hiki kilikuwa na ugonjwa wake peke yake. Kilibishana juu ya namba.

Ugonjwa huo uliletwa na marehemu Adela, mke wa Felisiani. Adela alikuwa mshonaji, na washonaji hununua magazeti ya zamani wapate karatasi ya kukatia vipimo vya magauni. Siku moja mkasi wake ulisimama katikati ya ukurasa. Palikuwa na mraba uitwao sudoku, wenye vyumba themanini na kimoja, vingine vina namba na vingine vitupu. Sheria yake ni fupi kama amri: moja mpaka tisa, kila namba mara moja tu katika kila mstari wa kulala, mara moja katika kila mstari wa kusimama, na mara moja katika kila boma dogo la vyumba tisa. Gauni la mteja lilichelewa siku mbili.

Haikupita miezi mitatu akawa amechoka na za gazeti. Alisema za gazeti ni mitumba, zilishonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Akaanza kushona zake. Aliondoa yale maboma ya mraba, akaweka vipande vilivyopinda kama mkono wa koti. Baadaye akaleta za jumla, ambazo ndani yake anakunyima namba zote, anakupa hesabu tu: vyumba hivi vitatu ukivijumlisha ni ishirini na tatu, haya, hangaika. Kila Jumamosi alibandika moja kwenye nguzo ya kibanda, na benchi zima liliumwa kichwa mpaka Jumatano.

Felisiani naye, na darasa lake la saba, aliongeza aina moja, na ndicho kitu pekee alichowahi kubuni maishani mwake. Aliiita barabara. Unachora mstari wa penseli unaopita katika vyumba kadhaa, na pale unapoanzia unaweka duara. Kutoka kwenye duara namba lazima zipande, kila chumba kiwe na kubwa kuliko kilichotangulia, kama lori la mchele linalotoka Mtowisa bondeni, likapanda ule ukingo wa bonde likiugua njia nzima mpaka likafika kwenye baridi. Duara ni bondeni. Mwisho wa mstari ni nyumbani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili, maana wote pale walikuwa watu wa juu.

Tena palikuwa na desturi. Katika chumba kimoja Adela alichora kifungo kidogo cha shati, chenye matundu mawili. Mtu akimaliza hakuonyesha karatasi yake. Alimwendea Adela akamtajia namba ya chumba hicho tu, na Adela akajibu neno moja kati ya mawili: Umefika, au Rudi. Mwingine yeyote hakuruhusiwa kujibu, hata kama alijua. Aliyeshona ndiye anayejua kifungo kinaingia tundu gani.

Sasa Adela alikuwa ametimiza mwaka kaburini. Kesho yake, Jumapili, ndiyo ilikuwa misa yake. Alikuwa ameacha sudoku moja, ameichora hospitalini nyuma ya boksi la dawa lililokunjuliwa, yenye barabara moja ndefu ya vyumba saba. Na kwa mwaka mzima hakuna aliyeimaliza. Felisiani aliinakili kwenye daftari mara arobaini na kitu. Kila mara alifika mstari wa saba, pale barabara inapoishia, penye kifungo, na chumba kile kikakataa kila namba.

— Hii haina jibu, alisema Yusto.

Yusto walimwita Yusto Risiti. Zamani alikuwa karani wa ghala lilelile lenye mlango ule, na kila akikalia benchi alisema yuko ofisini.

— Kosa ni karatasi, akaendelea. Tazameni. Boksi la dawa. Dawa imetoka nje. Tangu soko huria lije tunapokea kila kitu bila kukikagua. Zamani namba zilikuwa zetu. Tisa ya ushirika ilikuwa tisa.

— Ilikuwa tisa jioni, akasema Kornel akimimina. Asubuhi ilikuwa saba.

— Ndiyo maana wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

Hakuna aliyejua mkono umeingiaje hapo. Methali za Yusto zilikuwa kama mvua ya mawe, hazichagui shamba.

Clemens Mnyororo alisubiri Yusto amalize kunywa kahawa. Clemens alikuwa amewabebea wapima ardhi mnyororo kwa miaka kumi na minane kabla ya kupunguzwa kazi, na tangu hapo hakuwahi kuona kitu chenye mistari asikipime. Alilaza kiganja juu ya nakala, akafumba jicho moja, akaeleza kwa utulivu kwamba karatasi haina kosa, kosa ni la watu kutojua sheria ya ardhi. Barabara yoyote ina hifadhi yake kulia na kushoto. Chumba kilichoko ndani ya hifadhi hakihesabiki kuwa chumba.

— Kwa hiyo? aliuliza Kornel.

— Kwa hiyo kile kinapigwa alama ya X. Kinabomolewa. Tena bila fidia.

— Kina kifungo ndani, Clemens.

— Hata nyumba zina watu ndani.

Isdori alicheka mpaka kashata ikampalia. Huyu alikuwa mdogo kuliko wote, anauza vocha za simu, wakamwita Isdori Vocha, na alikuwa na tabia ya kuinua simu yake juu kila baada ya muda kama padri anayeinua kitu kitakatifu, akitafuta mtandao.

— Wazee wangu, mnazeeka vibaya, alisema. Namba za simu ziliongezwa juzijuzi hapa, mkanyamaza. Hizi nani kawaambia zinaishia tisa? Weka kumi pale, mambo poa, twende zetu.

Clemens alimjibu kwamba kumi haiwezi kuingia chumba kimoja, ni namba mbili zimeshikana, na kidole kimoja hakivunji chawa. Yusto akasema hapo Clemens amenena, ingawa yeye mwenyewe haafiki. Akainama mbele, akashusha sauti, akasema tuache kujidanganya, huu mji tunaujua. Mstari wa saba umepigwa radi. Kuna mtu alipita pale hospitalini, akaangalia kile kitanda, akatoka. Radi hupiga hata kwenye karatasi, ni vile tu karatasi haitoi moshi.

Felisiani, akiwa amewapa mgongo, alifanya ishara ya msalaba na spana mkononi.

— Au basi mama alikosea tu, alisema Isdori, bado anaangalia simu. Alikuwa anaumwa, jamani. Homa ikipanda kichwani, mtu unaweza ukachora chochote.

Kornel alimkanyaga mguu. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na la ajabu ni kwamba kati ya maneno yote ya asubuhi ile, hilo ndilo pekee lenye akili.

Felisiani alizungusha gurudumu lililokuwa mbele yake, akalitazama kama linayumba. Halikuyumba. Akalizungusha tena.

Benchi lilidhani anahangaikia sudoku ile kwa kumkumbuka mkewe, na hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa lote. Mwaka uliopita, asubuhi ile ya boksi hospitalini, kabla ya kuomba penseli, Adela alikuwa amemshika mkono.

— Baba Rede, alisema, ile safari ya mama nimekusamehe. Usiibebe tena.

Jenifa, mdogo wake Adela, alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Alimnong'oneza shemeji yake asiyaweke moyoni, ni homa inayosema. Jenifa hakuwa na ubaya. Asubuhi hiyohiyo Adela alikuwa ameagiza kuku waingizwe ndani, na hawakuwa na kuku. Aliuliza ni mtoto wa nani huyu aliyekaa miguuni pake, na hapakuwa na mtoto. Baada ya hapo ndipo akaomba penseli. Alichora mpaka jua likahama dirishani, akampa mumewe lile boksi, akamwambia akimaliza aje amtajie cha kifungo. Alfajiri iliyofuata Mungu akamchukua.

Felisiani alikuwa amelipima jambo hilo polepole, kama anavyopima mambo yote. Kama sudoku ile ina jibu, na jibu lenyewe ni moja tu, basi kichwa kilichoishona kilikuwa kizima, na msamaha ulikuwa wa Adela. Kama haina, basi aliyechora ni homa, na aliyesamehe ni homa.

Hiyo safari ya mama ilikuwa ya miaka kumi na minne nyuma. Habari ya msiba wa mama yake Adela ilifika mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado zinanyesha, wakati ambao Wafipa wanafukia majani ndani ya yale matuta ya mviringo ili yaoze yawe mbolea. Felisiani alikuwa amealika watu ishirini wa kumsaidia shambani, na pombe ya ulezi ya kuwakaribisha ilikuwa imeiva. Pombe haingoji. Alimwambia mkewe akae siku mbili tu, awahudumie watu, halafu atamsindikiza mwenyewe. Adela hakulia wala hakubisha. Aliichuja ile pombe, akaigawa, akaosha vyombo. Walipofika huko kwao siku ya nne, walikuta watu wamekwisha kutawanyika na udongo wa kaburi umeshonwa na mvua. Kwa miaka kumi na minne hakulitaja hata siku moja, na hiyo ndiyo ilikuwa nzito. Felisiani aliungama, tena zaidi ya mara moja. Padri alimwondolea dhambi. Lakini Padri hakuwa ndiye aliyezuiwa kwenda.

Na kesho angesimama kanisani, jina la Adela lisomwe, na bado hajui anasimama pale kama nani. Redempta, binti yao aliyeolewa kijiji cha Kate, alikuwa ametuma ujumbe kwa simu ya Isdori kwamba mtoto wake ana surua, hataweza kuja. Kwa hiyo angesimama peke yake.

Hapo ndipo akatokea Nyanda.

Walimwona kwa mbali amebeba baiskeli begani, badala ya baiskeli kumbeba yeye. Alikuwa Msukuma, kijana mrefu mwenye kofia ya pama, mmoja wa wale ambao wazazi wao walihamia bondeni na ng'ombe. Alitoka mnadani, ambako dume moja lilikuwa limekanyaga gurudumu lake la nyuma likawa kama ungo.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, wakaitikia wazee. Isdori akainua kidevu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Yusto. Maana yake mgeni ndiye anayenunua kahawa.

Nyanda hakuijua methali kwa maana hiyo, lakini alikuwa na adabu. Akanunua vikombe kwa watu wote. Felisiani alipokea gurudumu, akaliweka kwenye uma, akaanza kukaza spoki moja moja. Ilikuwa kazi ya saa nzima. Nyanda akajibanza mwisho wa benchi, na kwa kuwa nakala ya sudoku ilikuwa mapajani mwa Clemens, akauliza ni ramani ya wapi.

Wakamweleza, wote watatu kwa mara moja. Yusto alimweleza habari ya boksi, Clemens habari ya hifadhi ya barabara, Isdori habari ya kumi. Ulikuwa muujiza kwamba alielewa kitu. Mwishowe Kornel ndiye aliyemwambia kwa utaratibu: hivi ni vyumba, hizi ni namba, huu mstari ni barabara, hapa penye duara ndipo inapoanzia. Aliyechora amekufa. Ni mke wa huyo anayetengeneza gurudumu lako.

Nyanda alivua kofia, akampa Felisiani pole. Akarudi kuangalia karatasi. Aliiangalia muda mrefu, kama mtu anayeangalia nyayo. Akaweka kidole chake kwenye duara, lililokuwa juu, kona ya kushoto, akakiteremsha pole pole kufuata mstari mpaka kwenye kifungo.

— Huyu anayetembea hapa, aliuliza, anapanda au anashuka?

— Anapanda, alisema Clemens. Ndiyo sheria. Namba zinakua.

— Kwa nini zinakua?

— Kwa sababu anakwenda nyumbani, na nyumbani ni juu.

— Nyumbani kwa nani?

Clemens alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yamelowana.

— Mimi nikitoka hapa sasa hivi nashuka, alisema Nyanda. Kwangu ni Mtowisa. Nikipanda nakuja ugenini. Kwani huyu mama alikuwa anakwenda wapi?

Swali lilikaa juu ya benchi. Isdori hakuinua simu. Walikuwa wamekula ugali wa Adela misimu na misimu, wamevaa mashati aliyoyashona, wamempelekea namba za vifungo na kungoja neno lake kama watoto wa Komunyo ya kwanza. Na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumuuliza alizaliwa wapi. Walimhesabu mtu wa Mazwi kwa sababu kila walipomtafuta walimkuta Mazwi.

Felisiani aliweka spana chini. Alijifuta grisi kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akageuka. Benchi halikumbuki kama alikuwa amewahi kugeuka kazi ikiwa haijaisha.

— Alikuwa anakwenda kumzika mama yake, alisema. Mtowisa. Mimi nilimchelewesha.

Hakuna aliyemwambia pole. Si kwa ukali. Walikuwa hawajui waiweke wapi.

Alitoa lile boksi lenyewe, lililokuwa ndani ya kitabu chake cha sala, akalaza karatasi mpya kando yake, akachukua penseli. Akaliangalia duara. Kwa mwaka mzima alikuwa ameandika pale moja, akafuta, mbili, akafuta, tatu, akafuta. Sasa akahesabu upya kwa sauti ndogo, kama mtu anayesali rozari. Barabara ni vyumba saba. Kama msafiri anashuka vyumba saba, hawezi kuanzia chini ya saba. Katika mstari ule wa kulala saba ipo. Nane ipo.

Akaandika tisa.

Kornel aliongeza mkaa. Clemens alitaka kuinama aone, Yusto akamvuta koti. Penseli ilikwenda, ikasimama, ikaenda tena. Felisiani alijua mkono wa Adela. Alimjua anapenda kukufungia mlango mmoja ili uuone mwingine. Anapenda kuweka nne mbili zitazamane ukutani ili zile za katikati zikose pa kukimbilia. Alimkuta mle ndani, katika kila boma, akiwa mzima, mjanja, hana haraka. Hakubahatisha namba hata moja. Kila moja ilikuja kwa sababu ya iliyotangulia, na pale ambapo mara arobaini na kitu alikuwa amegonga ukuta, mstari wa saba ulifunguka kimya kimya, kama mlango uliotiwa mafuta.

Akarudia kukagua. Mistari ya kulala, mistari ya kusimama, maboma yote tisa. Hapakuwa na njia nyingine. Alijaribu kwa makusudi kuiharibu, kuona kama namba yoyote ingeweza kukaa mahali pengine, na zilikataa zote.

Wakati huo Kornel alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe cha Yusto, yakatoka machicha. Akalitikisa, akaliweka chini. Siku nyingine kahawa ikiisha watu huondoka hata sentensi ikiwa mdomoni. Siku hiyo walibaki wameshika vikombe vitupu.

— Imekubali? aliuliza Isdori, kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake.

Felisiani aliitikia kwa kichwa. Alikunja karatasi aliyoijaza, akaitia kwenye kitabu cha sala pamoja na boksi. Akasimama. Akaangalia ile nguzo ya kibanda ambayo bado ilikuwa na pini nne zilizoota kutu, mahali ambapo Adela alikuwa akisimama Jumamosi, uzi mdomoni, akingoja kuletewa namba.

— Mbili, alisema.

Nyanda, ambaye hakuijua desturi, aliwatazama mmoja mmoja, akaona kwamba kuna neno wanalolijua na hawalisemi. Yusto alikuwa nalo. Clemens alikuwa nalo. Lakini sheria ilikuwa sheria, na mwenye haki ya kulitamka hakuwa pale.

Felisiani alisimama akingoja, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba anayoijua. Upepo ulipita chini ya bati, ukatoka upande wa pili. Kengele ya kanisa iligonga saa sita, na sala ya Malaika wa Bwana ikamkuta bado amesimama. Aliisali yote, midomo tu ikisogea. Halafu akaketi, akalivuta gurudumu la mgeni, akakaza spoki iliyokuwa imebaki.

Hakuna aliyemwambia amefika. Wala hakuna aliyemwambia rudi.